Dirisha la Mraba

Newala,
11 Juni 2023

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti lako linaendelea vizuri. Mimi mzima, shule tumefunga kwa likizo fupi na nimepumua kidogo.

Nina habari njema. Lile kanisa la mbao alilolijenga baba yako hapa Newala linakarabatiwa, na mimi mjukuu wako nimechaguliwa katibu wa kamati. Wataalamu waliotoka Dar es Salaam walipoliona walisimama mlangoni midomo wazi. Wanasema ni mtindo wa Gothiki, yaani paa lililochongoka na madirisha yenye ncha juu, isipokuwa Ulaya makanisa ya namna hii ni ya mawe, na hili ni la mbao tupu. Wafadhili wameguswa sana.

Mwezi wa kumi tutalifungua upya. Pale mlangoni utawekwa ubao wa mninga wenye historia ya kanisa na jina la fundi. Nataka kila anayeingia alisome jina la babu. Kwa hiyo nieleze, Bibi: kanisa lilijengwaje, na jina lake kamili lilikuwa nani? Mama anasema yeye alimwita Babu tu.

Na jingine. Madirisha yote yana ncha, ila lile la mwisho upande wa kusini ni la mraba, limezibwa mbao kama kibanda cha kuku. Kwenye kamati tunadhani mbao ziliisha. Ni kweli?

Simu yako nimeambiwa uliirudisha kwa Mama. Basi barua hii nampa Gervas, konda wa basi. Nawe mpe majibu.

Mjukuu wako akupendaye,
Huruma


Lupaso,
18 Juni 2023

Huruma,

Marahaba. Goti ni bovu. Lilikuwa bovu mwaka jana ulipopita hapa na gari la shule ukanipungia mkono dirishani.

Tena usiniandikie Mpendwa Bibi. Hivyo ndivyo watu wa benki walivyomwandikia marehemu babu yako Gerson walipotaka shamba lake. Mimi ni Bibi, inatosha.

Simu niliirudisha kwa sababu inapiga kelele kama mtoto mwenye tumbo, na nikiongea nayo jirani yangu Priska anaacha kutwanga ili asikie. Barua Priska haisikii. Mimi nimesoma darasa la tatu, lakini la tatu la zamani, siyo la siku hizi mtoto anafika la saba anaandika jina lake kama kuku amekanyaga unga.

Huyo Gothiki simjui. Hakufika Newala. Aliyefika ni padri mzungu tuliyemwita Padri Kamba, kwa sababu alitembea na kamba shingoni akipima kila kitu, hata kaburi alilipima kabla mtu hajafa. Yeye alichora madirisha kwa kijiti chini kwenye mchanga. Baba akayatazama akasema, hivi ni viganja vya mtu anayesali. Ndiyo maana yana ncha. Andika hivyo, umwache Gothiki kwao.

Mbao zilitoka Rondo. Lori lilizileta mpaka chini ya mlima, likashindwa kupanda, wanaume wakazipandisha mabegani. Maji ya ujenzi waliyapandisha wanawake kutoka bondeni, mama yangu akiwemo, na alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Huyo mdogo wangu hakuishi. Andika na hilo kwenye ubao wenu kama nafasi ipo, maana najua Padri Kamba mtamtafutia nafasi.

Baba ndiye alikuwa fundi mkuu. Tezo yake ilikuwa inakata mninga kama mtu anayemenya muhogo. Hakuna msumari kwenye nguzo zile, ni mbao imeingia ndani ya mbao. Na mchwa hawakuzila, kwa sababu kila kiangazi watu walizipaka oili chafu, siyo kwa sababu ya wafadhili.

Mbao hazikuisha. Aliyewaambia mbao ziliisha ni mwongo au mtoto wa mwongo. Dirisha la mraba liacheni kama lilivyo, na msiliguse hata kwa kulifuta vumbi.

Na jina la baba yangu mimi silitaji. Mtoto hataji jina la mzazi wake kama anayeita mbuzi. Hilo ungelijua kama mama yako angekuleta unyagoni badala ya kukuficha Dodoma akisema ni mambo ya ushamba. Ukitaka jina, njoo hapa nyumbani, uniamkie ukiwa umekaa chini, nami nitamwita Barnaba, mpwa wa baba, akutajie. Ndivyo jina la mtu mzima linavyoombwa.

Bibi yako mzaa mama,
Selestina


Newala,
9 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Asante sana kwa maelezo, yametusisimua wote, hasa ya viganja. Nimeyasoma kwenye kamati. Mzee Ambrosi alicheka mpaka akakohoa uliposema Padri Kamba alipima makaburi. Anasema anakukumbuka ulipokuwa mdogo. Ni mzee mpole, na baba yake alikuwa mpishi wa yule padri, kwa hiyo anajua mengi.

Kuja Lupaso kwa sasa siwezi, Bibi. Mafundi wapo, wafadhili wanapiga simu kila siku, na shule inafunguliwa. Nakuomba tu jina kwenye karatasi. Ni neno moja. Siyo kulitaja kwa mdomo, ni kuliandika. Najua mila ni muhimu, lakini ubao lazima uchongwe mapema.

Kuhusu dirisha, nadhani nimekuelewa. Usione aibu, Bibi. Fundi kuacha kazi kabla ya kumaliza si dhambi. Labda aliugua, labda alichoka. Hakuna atakayemsema vibaya.

Huruma


Newala,
10 Septemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Miezi miwili hujanijibu. Gervas anasema barua alikukabidhi mkononi na uliisoma mbele yake, ukaikunja ukaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Sijui nimekukosea nini.

Basi usihangaike tena. Jina nimelipata. Mzee Ambrosi amenitajia bila shida, na amesema wazee wa hapa wote wakilisikia watamjua mtu mwenyewe. Sikuandikii. Nataka ulisikie likisomwa mbele ya watu.

Na nina zawadi nyingine kwako iko kanisani. Nimeipigania kwenye kamati mpaka ikapita. Ukiiona utafurahi, na babu alipo atapumzika.

Ni Jumapili, tarehe 15 Oktoba. Gervas atakuwekea kiti cha mbele kwenye basi, ulegeze goti, na kanisani nimekuwekea kiti mbele na wageni.

Huruma


Newala,
16 Oktoba 2023

Bibi,

Shikamoo. Nilikuona. Sikuamini macho yangu, umekaa nyuma kabisa na kanga yako ya zambarau. Nilitaka kuja kukushika mkono nikakuweka mbele na wageni, lakini ibada ilikuwa imeanza.

Lilipofunuliwa pazia la ubao na jina la babu likasomwa, FUNDI SILVANO LITOPE, nilikutazama wewe tu. Nikaona unainuka unatoka, umejifunika uso. Machozi yalinitoka na mimi. Nikasema, Bibi amesubiri siku hii maisha yake yote.

Uliliona dirisha? Nilimwomba fundi alimalizie kama mengine, kwa mninga ule ule. Sasa kazi ya babu imekamilika, hakuna tena atakayeuliza kwa nini aliiacha. Nilikutafuta baada ya ibada, Mzee Ambrosi akaniambia umeshapanda gari. Alisema, "Mwache, furaha ikizidi inamchosha mtu mzima."

Niandikie, nataka kusikia ulijisikiaje.

Huruma


Lupaso,
22 Oktoba 2023

Huruma,

Unataka kusikia nilijisikiaje. Kaa chini.

Jina hilo mlilochonga ni jina la utoto. Mama yake alimpa kwa sababu alizaliwa masika, njia nzima ni tope. Mtoto akiingia jandoni jina lile linabaki huko porini pamoja na nguo zake za zamani. Anatoka na jina jipya, anavikwa nguo mpya, anashangiliwa. Baada ya hapo ukimwita mwanaume jina lile la zamani, umemwambia mbele ya watu kwamba hajatoka, yeye bado ni wa kufutwa kamasi. Watu wamepigana kwa hilo. Watu wamehama kijiji kwa hilo. Mimi nina miaka karibu themanini na lile neno halijawahi kutoka kwenye mdomo wangu, na leo limechongwa kwenye mninga, herufi kubwa, limepakwa vanishi.

Uliniandikia nisione aibu. Sasa sikiliza aibu ilivyokuwa.

Nilikuwa mtoto, nimepeleka chakula cha baba kazini. Yeye yuko juu kwenye ngazi, anapima dirisha lile la mwisho. Chini wamesimama vijana wake aliokuwa anawafundisha useremala, wametoka jandoni mwezi ule ule, vichwa bado vinang'aa. Yule mpishi, baba yake Ambrosi, alikuwa na ugomvi na baba kwa sababu ya shamba la mikorosho. Akashindwa kwa wazee. Basi akamnong'oneza mzungu jina. Akamwambia ndivyo rafiki zake wanavyomwita, ukimwita hivyo atafurahi.

Padri Kamba akaja na kamba yake. Akainua kichwa akaita jina lile kwa sauti ya kwenye mimbari, huku anacheka. Wale vijana wakatazama chini. Mimi nilidhani anaita mtoto fulani, nikageuka kumtafuta.

Baba akashuka taratibu. Akasema, "Padri, umemwita nani?"

"Nimekuita wewe, rafiki yangu."

"Huyo uliyemwita ni mtoto. Mtoto hapandi ngazi ya kanisa. Basi mngoje aje, akija atakumalizia dirisha lako."

Akafunga tezo na patasi zake kwenye gunia, akanishika mkono tukaenda. Chakula chake alikula njiani, anatembea. Padri aliita fundi huyu na huyu, wa Newala, wa Masasi, hata wa Nanganga. Kila aliyekuja aliuliza kwa nini kazi imeachwa, akiambiwa anaaga. Hakuna aliyekubali kuwa yule mtoto. Mwisho padri akalikata la mraba mwenyewe, akapigilia mbao, na misumari aliipinda.

Baba hakuingia tena kanisani mle. Alisali nyumbani. Alipokufa mwalimu wa kanisa, ambaye wakati huo alikuwa nani unadhani, alikuwa yule yule mpishi amepanda cheo, akasema maiti ya mtu aliyesusa ibada haiingii. Wale vijana wake, wakiwa sasa watu wazima wenye ndevu, wakalibeba jeneza wakaliweka nje upande wa kusini, chini ya dirisha la mraba. Tukaimba pale pale kwenye majani. Ndiyo maana wazee wa Newala wakipita hapo walikuwa wanavua kofia. Nyinyi kwenye kamati mlidhani wanasikia joto.

Sasa, mjukuu wangu msomi, hebu tazama ulichofanya. Kwa miaka yote hiyo dirisha lile lilisema, huyu ni mwanaume na ana jina lake. Wewe umemwita yule mtoto mbele ya watu, kama padri. Kisha ukamleta akamalizia dirisha. Alichoshindwa mzungu umekiweza wewe, damu ya baba.

Nilijua nilipoona Ambrosi ametajwa kwenye barua yako. Nikasema labda uzee umemlainisha, labda ametaja jina la heshima, ngoja niende. Jina liliposomwa alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti ulichoniwekea mimi. Aligeuka nyuma akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Hakucheka. Alinipa salamu kwa kichwa, kwa adabu kabisa. Hapo ndipo nilipotoka. Sikujifunika uso kwa furaha. Nilimfunika baba yangu.

Usiniletee zawadi tena.

Selestina


Newala,
5 Novemba 2023

Bibi,

Shikamoo. Najua huenda hutaitikia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko vitabu vyote nilivyofundisha. Jumatatu iliyofuata niliitisha kamati. Niliwaeleza yote. Mmoja akasema jina ni jina tu, vijana wa leo hawajui tofauti. Mwingine akasema ubao ni mali ya wafadhili. Kuhusu dirisha wakasema haliwezi kurudishwa, picha zimeshakwenda Ulaya, na wataalamu wanasema sasa jengo limekuwa na ulinganifu.

Basi niliazima patasi kwa Anwari seremala, nikaenda mchana kweupe. Mzee Ambrosi alikuwa kwenye benchi la nje akiota jua.

Akaniuliza, "Mjukuu, unaharibu mali ya kanisa?"

Nikamwambia, "Narekebisha, Mzee. Kuna tope mlangoni."

Akasema, "Mkono wako ni kama wa babu yako. Hata yeye alianza vizuri."

Nilichimba jina mpaka likaisha. Patasi iliteleza, nimelichimba mpaka na lile jina la ubatizo, Silvano, na ubao umepasuka kidogo pembeni. Sasa panasomeka FUNDI, halafu shimo. Jioni ile ile nikaandikiwa kwamba mimi si katibu tena, na mwalimu mkuu ameitwa kuulizwa tabia yangu.

Siombi unisamehe. Ila nami niseme moja, hata kama nitaongeza kosa. Nilikuuliza jina mara mbili, Bibi. Barua yangu uliiweka chini ya mguu wa meza. Dirisha uliniambia nisiliguse, hukuniambia kwa nini. Mzee Ambrosi alinijibu siku ile ile, kwa upole, na chai akaninywesha. Mwongo alinifungulia mlango, wewe mwenye ukweli ukaniambia nikae chini kwanza.

Naomba jina la babu. Anwari ana kipande cha mninga cha ukubwa wa lile shimo. Kamati ikitaka, isitake.

Huruma


Lupaso,
19 Novemba 2023

Huruma,

Marahaba.

Gervas aliniambia kabla ya barua yako. Ameeneza kuanzia stendi ya Newala mpaka Lisekese kwamba mwalimu wa historia amegombana na ubao. Anasema umechimba vibaya sana, kama panya ameingia kwenye muhogo mkavu. Baba angekunyang'anya patasi. Mbao huichimbi kwa hasira, unafuata nyuzi zake. Lakini ulichimba mchana, na Ambrosi akiwa anaona. Hilo nimelisikia.

Maneno yako ya mwisho nimeyasoma na sikuyapenda. Uliona nitayapenda? Mtu mzima haambiwi hivyo. Mama yako alikufundisha kiherehere badala ya unyago. Meza yangu sasa inayumba, maana barua ile nimeitoa pale chini, nimeiweka na nyingine.

Kipande cha mninga cha Anwari mrudishie. Usizibe shimo. Dirisha lake mmelimaliza, halirudi, na mimi sitaingia tena mle mpaka nipelekwe, na nikipelekwa mniweke nje upande wa kusini. Hilo nimeshamwambia Barnaba. Kwa hiyo shimo liacheni. Wageni watafika mlangoni wasome FUNDI, halafu waone pamechimbwa, waulize. Mtu mmoja kati yao atajibiwa ukweli. Zamani walikuwa wanauliza dirisha, sasa waulize shimo. Ambrosi naye kila Jumapili apite hapo na kofia yake, achague kuivua au kuivaa.

Kazini wakikufukuza, njoo. Korosho zimeanguka na mgongo wangu haukubali kuinama. Priska ananisaidia lakini anaongea. Ukifika usianze kulia mlangoni. Kaa chini, uniamkie, ule, ndipo Barnaba ataitwa akutajie jina kama linavyotajwa, pamoja na aliyempa na siku aliyopewa. Nusu ya jina ni hayo.

Mimi mwenyewe silitaji, sikulitaja kwa padri na sitalitaja kwako. Hii hapa chini ni sahihi yangu tu, ile ninayotia kila msimu nikipeleka korosho ghalani. Karani wa ghala anaijua, wachukuzi wanaijua. Ungekuja hata mara moja kunibebea gunia, ungeiona.

Selestina binti Nambunga